Mwalimu Emiliana Augustino, Mkalimani Aliyekataa Kufupisha

9 Julai 1959 – 3 Juni 2025

Wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na binti yake wa kwanza, Witness Bartolomayo, hapa Kinkasi, wilaya ya Chemba, leo Ijumaa tarehe 6 Juni 2025.

Marehemu Mwalimu Emiliana Augustino alizaliwa tarehe 9 Julai 1959 hapa hapa Kinkasi, enzi hizo ikiwa wilaya ya Kondoa. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Augustino na marehemu Mama Anjelina. Alizaliwa shambani, kwenye kibanda cha kuamia ndege, kwa sababu mama yake alikataa katakata kuuacha uwele uliokwisha kuiva, na uchungu ukamkuta huko. Bibi aliyempokea alisema mtoto alilia kwa nguvu mpaka ndege wote wakaruka, na siku ile hakukuwa na haja ya mtu kuamia. Mwalimu alipenda sana kulisimulia jambo hili. Alikuwa akisema kazi yake ya kwanza duniani aliifanya kabla hajakatwa kitovu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968. Nyumbani kwao kilizungumzwa Kisandawe tu, lugha yetu hii yenye vidoko, zile sauti za kualiza ulimi, na Kiswahili alikikuta shuleni. Wiki za mwanzo mwalimu alikuwa akimtazama na kumwambia, "Kimya!" Basi mama yake alipomuuliza huko shule anaitwa nani, alijibu kwa fahari kwamba ameshapewa jina, anaitwa Kimya. Mama Anjelina alilipenda jina lile, akamwita hivyo nyumbani kwa muda mrefu, hadi katekista alipokuja kumweleza maana yake. Ndugu zake walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikwenda shuleni kesho yake akamwambia mwalimu, kwa Kiswahili alichokiokoteza, "Mimi Emiliana."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1974. Nafasi ya sekondari hakuipata, si kwa kukosa akili bali kwa sababu nafasi zilikuwa chache mno. Mwaka 1976 serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu wakawa hawatoshi, alichaguliwa miongoni mwa vijana waliojifunza ualimu huku wakifundisha, wale walioitwa walimu wa UPE. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mfupi kuliko baadhi ya wanafunzi wake. Mwaka 1988, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alikwenda Mpwapwa kusomea ualimu kikamilifu, akarudi na cheti chake na mbegu za mapapai.

Alifundisha katika shule nyingi za Chemba na Kondoa, na karibu miaka yote alishika darasa la kwanza. Walimu wengine walilikimbia darasa hilo, yeye aliliomba. Alikuwa na utaratibu wake. Wiki za mwanzo alizungumza na watoto lugha ya nyumbani kwao, kisha akakiingiza Kiswahili kidogo kidogo, mpaka siku moja unakuta darasa zima linaimba kwa Kiswahili na hakuna aliyejua limevukaje. Siku moja mkaguzi alisimama mlangoni akasikia vidoko. Akauliza kwa ukali, "Mwalimu, hii lugha gani inazungumzwa humu?"

"Ya mama zao, bwana mkaguzi," alijibu. "Kiswahili kipo njiani, kinakuja."

Mkaguzi aliandika maneno makali kwenye ripoti yake. Mwaka uliofuata alirudi, akawasikiliza watoto wale wakisoma, akaondoka bila kuandika chochote. Wengi wa watu wazima mliokaa hapa leo mlijifunza kusoma mikononi mwake, na mnajua hatuongezi chumvi.

Mwalimu alifunga ndoa takatifu na Bwana Bartolomayo, dereva wa serikali, mzaliwa wa Mpwapwa, Jumamosi tarehe 24 Novemba 1984. Walikutana korongoni. Gari la Bwana Bartolomayo lilikuwa limezama mchangani hadi kwenye ekseli, na Mwalimu alikuwa anapita na watoto wa shule wakitoka kuteka maji. Aliwaambia watoto waweke ndoo chini wasukume. Gari lilipotoka, kijana wa watu alishuka akiwa amejaa vumbi, akasema, "Mwalimu, sijui nikushukuruje." Akajibiwa, "Washukuru watoto. Mimi sikusukuma." Alirudi wiki iliyofuata kuwashukuru watoto, na wiki iliyofuata tena, mpaka wazee wa Kinkasi wakamuuliza kama ana nia. Yeye alikuwa Mwanglikana na bibi harusi Mkatoliki, wao Wagogo na sisi Wasandawe, kwa hiyo mazungumzo hayakuwa mafupi. Lakini walivumiliana na wazee wao, wakaoana, wakaishi pamoja miaka arobaini. Mungu aliwajalia watoto watatu, Witness, Msafiri na Sabrina.

Kuanzia miaka ya tisini, Mwalimu alikuwa akiitwa mahakamani mara kwa mara kuwa mkalimani wa wazee wasiojua Kiswahili vizuri. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Kabla ya kwenda alivaa gauni lake la kanisani. Alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba mtu aliyesimama kizimbani na haelewi kinachosemwa amekwisha kufungwa kabla ya hukumu, na kwamba mkalimani ndiye mlango wake.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wapo waliotushauri tuiruke. Walitushauri kwa upole, wengine kwa mapenzi mema, kwamba msiba si mahali pake na kwamba wageni ni wengi. Familia ilikaa, ikazungumza, na baba yetu akasema neno moja tu, "Someni." Kwa hiyo tunasoma.

Mwishoni mwa mwaka 2017, watu wa kijiji cha Mudukwa, ng'ambo ya vilima vile mnavyoviona, waliamriwa kuhama. Waliambiwa mpaka wa hifadhi umesogezwa na sasa wao wako ndani. Hawakuulizwa wala hawakuoneshwa pa kwenda. Walipokataa, walikuja askari, na baadhi ya nyumba zikachomwa moto. Mzee Romani, mkulima na mrina asali, mtu wa miaka sabini na kitu, alikamatwa siku hiyo. Alishitakiwa kwamba aliwatishia askari kwa upinde na kuwachochea wenzake wapigane. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba Mzee Romani akifungwa, Mudukwa itavunjika moyo na kuhama. Watu walikuwa wanamtazama yeye.

Mwalimu aliitwa kutafsiri. Siku moja kabla ya Mzee Romani kujitetea, bwana mmoja kutoka ofisi za serikali alimvuta pembeni kwenye korido ya mahakama. Jina lake familia imeona lisitajwe, maana naye ana watoto. Alimsalimia vizuri, akamwita mama.

"Mama, yule mzee ataulizwa kama alishika upinde. Atasema ndiyo, maana hata kule polisi alisema ndiyo. Wewe ukishatafsiri hiyo ndiyo, inatosha. Mengine ni maneno ya uzee."

"Na akiendelea kuzungumza?"

"Unafupisha. Hakuna anayekuambia useme uongo, mama. Tunakuambia ufupishe. Wewe ni mtumishi wa serikali, umebakiza muda mfupi ustaafu. Usijiharibie."

Mwalimu alisema baadaye kwamba kilichomuumiza ni kuona kwamba yule bwana aliamini kabisa anamwomba jambo dogo.

Jioni hiyo Bwana Bartolomayo alirudi nyumbani amechelewa kidogo, akanawa, akakaa kula. Alikuwa bado dereva wa serikali pale wilayani. Akasema bila kuinua macho, "Bosi kaniambia nizungumze na wewe."

"Haya, zungumza," Mwalimu akasema.

Bwana Bartolomayo alimega tonge, akachovya mlenda, akatafuna mpaka akamaliza. "Nimeshazungumza," akasema.

Walicheka wote wawili. Mwalimu alikuwa na hofu, na hili tunalisema ili watoto wasije wakadhani bibi yao alikuwa jiwe. Alimwambia mumewe kwamba anaiona nyumba ya serikali waliyokuwa wakikaa ikiondoka, kwamba Sabrina bado yuko chuoni Chimwaga na hajui itakuwaje. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Kesho nikupeleke?"

"Kwa gari lao?"

"Kwa miguu."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Februari 2018, walitembea wote wawili hadi mahakamani. Njiani Bwana Bartolomayo alipita ofisini akaurudisha ufunguo wa gari kwa karani wa zamu, akasema leo hajisikii vizuri. Ukweli ni kwamba alijisikia vizuri kuliko siku nyingi.

Chumba kilijaa watu wa Mudukwa. Wanawake walikaa sakafuni, wengine wakasimama nje madirishani. Mzee Romani alipandishwa kizimbani. Mwendesha mashitaka akamuuliza, "Siku ya tukio ulikuwa umeshika upinde, ni kweli au si kweli?"

Mwalimu akatafsiri. Mzee Romani akajibu kwa Kisandawe, polepole, mikono yake ikionyesha. Alizungumza kwa kirefu. Alipomaliza, chumba kizima kikamgeukia Mwalimu. Yule bwana wa koridoni alikuwa amekaa mstari wa mbele, amekunja miguu.

Mwalimu akasema: "Anasema, ndiyo, nilikuwa nimeshika upinde. Nilikuwa nimeshika pia kigoda, na chungu, na blanketi la mke wangu. Nyumba yangu ilikuwa inaungua na nilikuwa natoa vitu vyangu. Upinde ni kitu changu, ulikuwa ukutani, nikautoa. Sikuwa na mshale hata mmoja, mishale iliungulia ndani. Anasema, kama mngekuja mapema kidogo mngenikamata nimeshika chungu."

Watu wa Mudukwa walioelewa Kiswahili waliguna kwa pamoja. Mwendesha mashitaka alisimama haraka. "Mheshimiwa, mkalimani anaongeza maneno!"

Hakimu, aliyekuwa mwanamke kijana, alivua miwani yake. "Mwalimu, umeongeza?"

"Hapana, Mheshimiwa. Sijaongeza hata neno. Jana, hapo nje kwenye korido, niliombwa nipunguze. Nimekataa."

"Uliombwa na nani?"

Mwalimu alinyoosha mkono. Yule bwana alikunjua miguu yake. Hakimu aliandika, akaandika tena, kisha akaahirisha kesi.

Upande wa mashitaka uliomba aletwe mkalimani mwingine asiye na upande. Akaletwa kijana Amiri, Msandawe aliyekuwa anasoma chuo kikuu Chimwaga, ambaye hakuwahi kumwona Mwalimu maishani mwake. Naye aliitwa koridoni kabla ya kuingia. Mzee Romani alirudia maelezo yake. Amiri akatafsiri upinde, kigoda, chungu na blanketi, na mishale iliyoungulia ndani. Mwalimu alipopelekewa habari, alikaa chini kwenye kizingiti cha nyumba akalia, na ndiyo mara ya pekee alipolia katika jambo lile lote.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshapitia makubwa. Siku chache tu baada ya kutoa tafsiri yake, polisi walimfuata shuleni. Walimkuta darasani akifundisha silabi. Aliwaomba amalize mstari mmoja, akamaliza, akawaambia watoto wamsubiri, akatoka. Alikaa mahabusu siku kadhaa akidaiwa kutoa taarifa za uongo mahakamani. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimletea chai akamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Mwalimu alimtazama kupitia nondo akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mwandiko wako ulikuja kunyooka?" Askari yule alikwenda kulia chooni, na ndiye aliyekuja kuisimulia familia, wala si Mwalimu.

Aliachiwa bila kufunguliwa mashitaka. Hakuombwa radhi. Badala yake alihamishiwa shule ya mbali upande wa Mpwapwa, na Bwana Bartolomayo aliambiwa gari lake limepata dereva mwingine. Nyumba ya serikali wakaiacha. Marafiki wengine waliacha kupita mtaani kwao. Mwalimu alipakia godoro na masufuria yake akaenda huko alikopelekwa, akaomba darasa la kwanza, akafundisha mpaka siku yake ya kustaafu, Julai 2019. Katikati ya kipindi hicho alifuatwa na wajumbe kutoka wilayani wakamwambia mambo yanaweza kwisha kabisa, asimame tu kwenye mkutano aombe radhi. Aliwajibu, "Nitaomba radhi kwa lugha zote mbili. Niambieni kwanza kosa." Walikaa, wakanywa chai, wakaondoka, wala hawakurudi kumwambia.

Kesi ya Mzee Romani iliendelea kuahirishwa hadi Septemba 2018, ndipo hakimu akamwachia huru kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mzee alikwenda zake Mudukwa kuezeka nyumba. Msimu wa asali ulipofika alisafiri kwa basi hadi kwa Mwalimu na dumu la asali. Mwalimu alimkaribisha vizuri, lakini asali akaisukuma kidogo. "Baba, mkalimani hapokei kitu cha kesi." Mzee Romani alifikiri, akasema, "Hii si ya kesi. Hii ni ya nyuki." Ikapokelewa.

Baada ya kustaafu walihamia Nkuhungu, Dodoma mjini, kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo. Bwana Bartolomayo aliendesha lori la mchanga, na Mwalimu hakukaa. Msandawe yeyote aliyekwama hospitalini, mahakamani au kwenye ofisi za ardhi alijua mlango wa kugonga. Alikwenda nao, akakaa nao kwenye mabenchi, akatafsiri. Mara mbili alizuiwa mlangoni na watu waliomkumbuka. Alikuwa akitandika kitenge chake hapo nje akasubiri, mpaka wakaona aibu wakamruhusu.

Mwalimu aligundulika na shinikizo la damu mwaka 2021, na tangu mwishoni mwa 2023 moyo wake ulianza kushindwa kufanya kazi vizuri. Alilazwa mara kadhaa. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 19 Mei mwaka huu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja mzee kutoka vijiji vyetu, ambaye wauguzi walishindwa kuelewana naye. Mwalimu, akiwa na mpira wa oksijeni puani, akaanza kazi. Muuguzi alimwambia, "Mama, wewe pumzika." Akajibu, "Nitapumzika kwa wingi, binti. Muulize anaumwa wapi."

Daktari alipofika, alimtazama yule mzee akasema, "Mwambie asiwe na wasiwasi, atapona tu." Mwalimu hakutafsiri. Alimuuliza daktari taratibu, "Baba, ni kweli? Mimi nasema kile kinachosemwa. Lakini ukiondoka, macho yake atayaelekeza kwangu." Daktari alivuta kiti akakaa. Akaanza upya, akaeleza ugonjwa ulivyo, kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani, na Mwalimu akatafsiri yote, akipumzika kila baada ya maneno machache. Yule mama alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akaomba apelekwe nyumbani kwake, kwa wanawe. Aliondoka kesho yake akiwa amemshika Mwalimu mkono hadi kitanda kilipoanza kusukumwa.

Mwalimu Emiliana Augustino alifariki dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025, akiwa na mumewe na binti zake wawili kando ya kitanda. Alikuwa amepokea sakramenti ya wagonjwa. Alikuwa na akili zake timamu, na alituagiza azikwe Kinkasi, misa isomwe kwa Kiswahili, na nyimbo za kaburini ziimbwe kwa lugha ya nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya ndogo ndogo ya Nkuhungu, walimu wenzake, na kijana Amiri, ambaye sasa ni wakili, aliyesafiri kutoka mbali kuwa nasi. Tunamshukuru pia mwakilishi wa serikali ya wilaya aliyefika leo. Karibu sana, ndugu yetu, umekuja kuzika na sisi tumekupokea kwa mikono miwili. Utakaporudi, tunakuomba uwaambie waliokutuma kwamba ile amri ya mpaka haijafutwa mpaka leo, na kwamba familia ya Mwalimu inaomba ifutwe. Waambie pia kwamba umewaona watu wa Mudukwa kwa macho yako. Ni wale waliosimama upande ule, na Mzee Romani yuko katikati yao. Wamekuja kwa miguu, na baada ya mazishi watarudi kwao, maana kwao bado kupo.

Marehemu ameacha mume, Bwana Bartolomayo, watoto watatu, Witness, Msafiri na Sabrina, wajukuu saba, kaka mmoja na wadogo wawili, na wanafunzi ambao yeye mwenyewe aliacha kuwahesabu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Emiliana. Mpe pumziko, naye apumzike kwa amani yako isiyo na mwisho. Amina.